Na ya Kutolea

"Haijasoma."

Mama muuza sato wa pale Mwaloni, Kirumba, alisema hivyo bila hata kumtazama kijana aliyesimama mbele yangu. Macho yake yalikuwa kwenye simu yake ya vitufe, iliyofungwa kwa mpira ili betri isidondoke, imelala mezani katikati ya magamba. Kijana alikuwa ameshanyanyua mfuko wake wa samaki. Akaurudisha. Akamwonyesha mama kioo cha simu yake chenye ufa: "Kwangu imeshakatwa, mama, ona." Mama akajibu, "Kwako imekatwa, kwangu haijasoma." Basi tukasimama pale, sisi watatu na sato, tukiingoja meseji kama watu wanaongoja meli iliyochelewa kutoka Bukoba. Mimi mkononi nilikuwa na noti moja nyekundu ya elfu kumi, na nyingine mbili za elfu mbili. Ningeweza kulipa na kuondoka, lakini nilitaka kuona mwisho wake.

Ilisoma baada ya dakika kama nne hivi. Mama akatabasamu, kijana akaenda zake, nami nikabaki na lile neno.

Nilikuwa karani wa pamba. Nilizaliwa mwaka 1951, nikaanza kazi 1970 katika chama cha msingi huko Magu. Enzi zile kusoma ilikuwa kazi ya mtu. Mizani ilisomwa na karani, stakabadhi iliandikwa na karani, na mkulima asiyejua herufi alimkazia karani macho usoni ili ajue kama anaibiwa. Siku hizi hela yenyewe ndiyo inayosoma, au inakataa kusoma, na aliyesoma na asiyesoma wanaingoja pamoja.

Mjukuu wangu anasoma pale Malimbe, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Majuzi alikuja Igoma na dodoso la kurasa sita la utafiti wake: mambo gani humshawishi mtumiaji kukubali pochi ya kidijitali katika kufanya malipo. Nikamwuliza hiyo pochi ya kidijitali ni kitu gani, maana Mwanza nzima sijamsikia mtu akiitaja. Akacheka. "Babu, ni hela ya kwenye simu." Basi. Hela ya kwenye simu naifahamu.

Dodoso lina sentensi, na mbele ya kila sentensi kuna visanduku vitano, kuanzia Nakubaliana Kabisa mpaka Sikubaliani Kabisa. "Naona kulipa kwa simu ni rahisi." "Naona kunanifaa katika shughuli zangu." "Watu muhimu kwangu wanaona ninapaswa kulipa kwa simu." Nikatia vema hapa, nikatia pale, nikakwama. Mjukuu akanieleza chimbuko la maswali yale. Mwaka 1989 Mmarekani mmoja, Fred Davis, aliandika kwamba mtu hukipokea chombo kipya akiona kina manufaa na akiona hakimsumbui kukitumia. Yeye alikuwa akizungumzia kompyuta za maofisini. Kabla yake, mwaka 1962, Everett Rogers alitoa kitabu kuhusu namna mambo mapya yanavyoenea, na mfano wake mkubwa ulikuwa wakulima wa Iowa na mbegu chotara za mahindi: wachache wanatangulia, majirani wanachungulia, kisha kundi linafuata, na mwisho kabisa wanakokotwa watu kama mimi. Sina ugomvi na mabwana hao. Mbegu za pamba kutoka Ukiriguru niliziona zikienea hivyohivyo. Mkulima alimwitikia bwana shamba kwa heshima zote, "Wabeja, wabeja," kisha akaenda kuchungulia shamba la shemeji yake.

Lakini katika kurasa zote sita sikuona kisanduku cha mwanangu.

Mwanangu wa pili aliondoka kwenda Dar es Salaam mwaka 1998. Siku zile hela ilitembea kwa miguu ya watu. Ukiwa na haraka ulikwenda Posta kutuma hawala, nayo ilikuwa na foleni yake na fomu zake. Wengi wetu tulitumia bahasha. Unaweka hela, unagundisha kwa ugali ukikosa gundi, unaandika juu jina la mpokeaji na chini yake "Kwa mkono wa" fulani, kisha unamkabidhi konda wa basi au jirani anayesafiri. Mpokeaji alikwenda stendi kuulizia basi limefika saa ngapi. Bahasha ilifika ikiwa nzima, ilifika pungufu, au haikufika, na ikikosa kufika ulianza uadui wa miaka kati ya familia mbili, na huenda hakuna aliyeiba. Kwa visiwani mambo yalikuwa magumu zaidi. Mfanyabiashara wa Ukerewe au Bukoba alisafiri na mtaji wake wote kiunoni, amejifunga kitambaa. Kila nikipita makaburi ya watu wa MV Bukoba hapa Igoma, wale tuliowazika Mei 1996, huwa nawaza pia mitaji iliyozama na wenyewe, na watoto walioachwa bila baba na bila hesabu.

Mwaka 2010 simu yangu ililia usiku. Meseji. Nikavaa miwani, nikasoma kwamba nimepokea shilingi 30,000 kutoka kwa mwanangu. Sikuamini. Nilidhani ni matangazo. Huduma yenyewe ilikuwa na umri mdogo: Wakenya walianza M-Pesa yao Machi 2007, na huku kwetu Vodacom wakaileta Aprili 2008. Nilikuwa nimeona mabango, nimesikia redioni, na hakuna hata kimoja kilichonisogeza. Mwanangu akapiga: "Baba, kesho nenda kwa yule binti wa mzee Masanja pale njia panda, mwonyeshe meseji, atakupa hela." Ndiyo, binti wa mzee Masanja. Baba yake tulicheza bao pamoja. Angenidhulumu, jioni ileile ningekaa sebuleni kwao.

Nikaenda. Binti akaniamkia, akaniongoza kubonyeza, akageuka kando nilipoingiza namba ya siri. Kisha akafungua daftari kubwa la mistari, akaandika tarehe, jina, namba na kiasi, akanisogezea kalamu. Niliposaini daftari lile ndipo nilipoamini kwamba jambo hili ni la kweli. Nilikuwa nimeandika madaftari kama yale miaka kumi na zaidi ya maisha yangu. Leo daftari limetoweka, hakuna anayesaini, na wakala kijana anaweza kukuhudumia huku anatazama mpira. Lakini sisi wa rika langu tuliingilia mlango wa daftari.

Hapa nirudi nyuma kidogo, mjukuu aliona ninapotea njia ila sikuwa nimepotea. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kabla sijaota meno, wakulima wa pamba wa Usukuma waliuza kwa wanunuzi binafsi, wengi wao Wahindi, na manung'uniko makubwa yalikuwa juu ya mizani. Bei ilitangazwa, kila mtu aliijua. Mizani hakuna aliyeijua. Paul Bomani na wenzake hawakuanza kwa kujenga viwanda. Walianza kwa kumweka mtu wao pembeni ya mizani ya mnunuzi, ashuhudie uzito. Baba yangu alisimulia jinsi watu walivyokubali kutoa senti zao kumlipa shahidi huyo. Kutokana na jambo hilo dogo ukakua ushirika, na mwaka 1955 vyama vikaungana kuwa Victoria Federation hapa Mwanza, ukatajwa miongoni mwa ushirika mkubwa kabisa wa wakulima barani Afrika. Wakulima wale hawakununua teknolojia ya mizani. Walinunua sura ya mtu wanayemfahamu akiwa amesimama kando ya mizani.

Wakala ndiye shahidi wetu wa mizani. Kampuni zilileta mitambo, na hongera zao, lakini aliyetuingiza rika letu ni yule binti wa kibanda, mwenye kaunta ya mbao na mwavuli wa rangi, anayemfahamu mama mkwe wako. Akikwambia "leo floti hakuna, babu, rudi saa kumi," unaamini, unarudi saa kumi. Benki ingekwambia hivyo ungetoa hela zako zote kesho yake. Mjukuu aliliandika hilo pembeni ya dodoso, akasema kwenye vitabu linaitwa imani. Nikamwambia imani ni ya Mungu, hii ni kufahamiana.

Na yule mwanangu? Yeye ndiye kisanduku kinachokosekana. Mimi sikuamua kitu. Nilitumiwa. Nusu ya wazee ninaowafahamu waliingia kwenye simu kwa kupokea: mtoto yuko Dar, Geita machimboni, Nairobi, ametuma, na hela iko mle ndani, huwezi kuipata mpaka ujifunze kubonyeza. Hakuna shule kali kama hiyo. Mke wangu, ambaye kwa miaka minane alikataa kabisa kushika simu, alijifunza menyu nzima kwa siku moja, siku aliyotumiwa elfu hamsini.

Ndipo likazaliwa neno ambalo nadhani siku moja wataalamu wa lugha watalisomea: na ya kutolea. Kutuma kuna makato, na kutoa kuna makato, na ya kutoa humwangukia anayepokea. Kwa hiyo mtoto aliyelelewa akituma elfu ishirini anaongeza juu yake kiasi cha makato, ili mama yake mkononi ashike elfu ishirini kamili. "Nimekutumia, mama, na ya kutolea." Kuna wazazi hapa Igoma wanaopima malezi yao kwa kifungu hicho. Mtoto anayetuma laki bila ya kutolea anasemwa kisimani. Anayetuma elfu kumi na ya kutolea anaombewa dua. Nimeona pia wakwe wakihesabu. Kampuni iliweka makato, sisi tukayageuza kuwa adabu.

Kwa wafanyabiashara wa samaki ilikuwa habari nyingine, nao walikimbia haraka kuliko sisi wote. Mke wangu amefanya biashara ya dagaa tangu miaka ya tisini, anachukua mzigo kutoka Ukara na Irugwa, anauleta Mwaloni, na kutoka pale wachuuzi wengine wanaupeleka mbali, mpaka Kongo. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwaka kazi inasimama, na hapo ndipo tajiri mwenye mitumbwi anapofanya hesabu na wavuvi wake. Zamani mnunuzi alilazimika kuwepo kisiwani siku hizo na fedha taslimu, na kila mtu ziwani alijua ni siku zipi hizo, wezi wakiwamo. Mke wangu alishona mfuko ndani ya gagulo. Alilala na fedha kambini katikati ya wanaume asiowajua. Miaka hiyo sikuwa napata usingizi, ingawa sikuwahi kumwambia.

Simu iliondoa gagulo lile. Anampigia tajiri, wanapatana bei ya gunia, anatuma kishika uchumba (ndivyo anavyoyaita malipo ya kutangulia, na mimi sipendi neno hilo kwa mke wangu), mzigo unapakiwa, hela iliyobaki inatumwa boti ikitia nanga. Mialoni sasa kuna vibanda vya wakala hata pale pasipo na zahanati. Mwezi Juni mwaka 2025 walifungua daraja la Kigongo na Busisi, kilomita tatu hivi juu ya maji, nami nikapelekwa kulitazama, nikashangaa kama wengine. Lakini nilipokuwa nimesimama pale nilimwambia dereva kwamba hela ilivuka maji haya miaka kumi na saba kabla ya daraja.

Nimwambie nini mjukuu juu ya hili? Pale Ukara manufaa hayakuhitaji dodoso. Mtu anayeogopa kuuawa kwa ajili ya kitu hukitafutia mahali pa kukificha, na simu ndogo yenye namba ya siri ilikuwa mahali pazuri kuliko godoro. Na kizazi changu kinajua godoro. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, nilimfahamu mtu aliyefukia fedha zake shambani kwa hofu, akaja akasahau ni kati ya mihogo ipi. Tulizoea kuificha fedha mbali na macho ya watu na macho ya serikali pia. Ndiyo maana baadhi yetu bado hatupendi kitu kinachoandika kila kitu.

Serikali nayo ilitusukuma. Umeme wa LUKU, kwanza. Giza likikuingia saa tatu usiku, na duka la LUKU limefungwa, na mjukuu anasema "babu, nunua kwa simu," unanunua kwa simu. Mwaka 2017 ukaja mfumo wa namba ya malipo ya serikali kwa maji, ada na faini, na dirisha la kupokea fedha taslimu likafungwa taratibu. Kisha usajili wa laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA. Mwisho uliwekwa Desemba 2019, ukasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020, na wazee tulipangwa foleni na vidole vyetu vilivyofutika kwa jembe, mashine ikivikataa. Na tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa ndani ya LUKU hiyohiyo, kwa hiyo unanunua mwanga na serikali inachota chake kabla taa haijawaka. Kwenye dodoso kulikuwa na sentensi: "Ninatumia malipo ya simu kwa hiari yangu." Nilitia vema Nakubaliana na Sikubaliani, vyote viwili.

Halafu ilikuja tozo. Julai 2021, kila muamala wa kutuma na kutoa ukaongezewa tozo ya serikali, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa kadiri ya kiasi. Nilishuhudia kitu ambacho sikutegemea kukiona tena: bahasha zikarudi kwenye mabasi. Kijana aliyezaliwa baada ya MV Bukoba, ambaye hajawahi kugundisha bahasha kwa ugali, alisimama stendi ya Nyegezi akimbembeleza konda. Mwezi Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na miaka iliyofuata ikapunguzwa tena, lakini wiki zile chache zilinifundisha kwamba watu hawakuwa wamefunga ndoa na simu. Walikuwa wamehesabu. Mtu wa Mwanza anahesabu, hata asiyejua kuandika. Muulize mama wa nyanya.

Takwimu zinasema tumefika mbali. Utafiti wa FinScope ulionyesha watu wazima wanaotumia huduma rasmi za fedha nchini wamepanda kutoka asilimia 65 mwaka 2017 hadi 76 mwaka 2023, na kila mtu anajua kwamba si kwa sababu mabenki yameota kama uyoga. Ila mjukuu wangu aliuliza juu ya kulipa, na hapo ndipo kizazi changu na chake kinapoachana.

Sisi tuliingia kwa kupokea, kwa hiyo tunatoa. Hela ikiingia, tunakwenda kwa wakala, tunaitoa yote, tunaikunja, tunaiweka mahali pake. Kwetu simu ni bahasha iendayo kasi. Wao wamezaliwa hela ikiwa mle ndani, na kwao kuitoa ni kuiharibu. Wanalipa boda kwa simu, wanalipa chipsi kwa simu, wanachanga harusi kwa simu, wanatupia vocha. Wanasema "nirushie" kama mtu anayecheza mpira. Ile karatasi ya Lipa Namba iliyobandikwa ukutani kwa duka la dawa, mjukuu anaiona kabla hajaona dawa. Mimi nimepita mbele yake mwaka mzima nikidhani ni tangazo la uchaguzi.

Lakini nenda Mlango Mmoja ununue khanga, ulipe kwa simu, usikie: "Ongeza ya kutolea." Mwenye duka anataka hela hiyo mkononi jioni, maana aliyemuuzia mzigo anataka taslimu, na makato ya kuitoa hataki yamwangukie. Wengine hawataki Lipa Namba, wanakupa namba yao binafsi, kwa sababu wanaogopa kuwa mwenye macho marefu anahesabu mauzo yao. Hofu hiyo inaweza kuwa ya kweli au ya hewani, haijalishi, inafanya kazi. Na kuna jambo wataalamu hawaliulizi kabisa. Noti inakwenda kimya. Mke wangu anakopesha dagaa kwa wanawake kumi wa pale sokoni, anapokea kidogokidogo, elfu leo, buku jero kesho, na deni liko kichwani mwake peke yake. Hakuna meseji. Mume wa mtu hajui, shemeji hajui, mkusanya michango ya kanisa hajui. Simu inahifadhi salio na inahifadhi pia ushahidi, na wapo watu waadilifu kabisa ambao hawataki ushahidi.

Kwa miaka mingi pia tulibeba laini tatu kila mmoja, kwa sababu hela ya mtandao huu haikukaa vizuri mtandao ule. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel wakakubaliana hela ivuke kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, na mwaka 2016 Vodacom wakaingia. Hilo lilisaidia sana. Tigo Pesa wenyewe siku hizi wamebadilisha jina kuwa Mixx by Yas, lakini wazee wataendelea kusema Tigo Pesa mpaka kaburini, na watu wasituchekelee. Kabla ya mwaka 1904 rupia ya Mjerumani ilihesabiwa kwa pesa 64. Baada ya hapo ikawa ya heller 100. Rupia imekufa, Mjerumani ameondoka, na hadi leo kijana wa boda anadai "hela" yake na kampuni inaita huduma yake "Pesa". Majina ya fedha yanaishi kuliko fedha.

Nina manung'uniko na kizazi hiki, nisiyafiche. Kwetu deni lilikuwa na mashahidi. Ulikopa pembejeo kwenye chama, ukatia dole gumba mbele ya watu watatu, na aibu ya kushindwa kulipa ilikaa kijijini pamoja nawe. Wao wanakopa saa sita usiku, wamelala, kwa kubonyeza namba mbili, hakuna anayewaona, na asubuhi hela ya mshahara ikiingia inakatwa kabla hawajapiga mswaki. Kuna mikopo ya simu wao wenyewe wanaiita kausha damu, na wanacheka wakitamka. Na kubeti. Hilo nalo ni malipo ya kidijitali, mjukuu, liandike: kijana wa jirani yangu alikuwa mtu wa kwanza mtaani kulipa kwa simu kila siku bila kukosa, na alichokuwa akilipia ni mechi za Ulaya. Rogers angemweka kundi la mbele kabisa, la wanaotangulia.

Wizi nao umebadilika sura. Miaka miwili iliyopita nilipokea meseji: ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja la mtu mwingine. Siku hiyohiyo kweli nilikuwa nadaiwa na fundi paa. Nikatuma. Fundi akanipigia jioni kuuliza hela yake. Nilikwenda kulalamika, nikaandikiwa namba ya malalamiko, nikaambiwa nisubiri, nikasubiri. Yule mwizi hakuvunja mlango wala kusomea mitambo. Alijua tu kwamba katika nchi hii, saa yoyote ya mchana, kuna watu wengi wanaodaiwa na fundi. Mwizi wa bahasha alilazimika angalau kunitazama usoni. Tangu siku hiyo situmi kitu mpaka nisikie sauti ya mtu, na mjukuu anasema hiyo inaitwa kuona hatari, ina visanduku vyake ukurasa wa nne.

Mke wangu ana swali lake ambalo halimo kwenye ukurasa wowote. "Ukifa, hii ya kwenye simu naitoaje?" Nilimpa namba ya siri, ingawa kila siku wanatangaza usimpe mtu. Akaiandika nyuma ya kalenda ya parokia, jikoni, ambako mtu yeyote anayekuja kunywa uji anaiona. Nimeiacha hapohapo. Fedha za sanda na jeneza, hata hivyo, ziko kwenye kopo la maziwa ya unga, noti mpya, na hizo haziingii kwenye simu hata nikishikiwa panga. Msiba hauna mtandao unaosumbua wala floti iliyokwisha. Watu wanafika asubuhi, na mchimba kaburi anataka chake.

Tulimaliza dodoso saa kumi na moja. Mjukuu akalipitia, akakunja uso. Akaniambia kwa upole kwamba fomu yangu huenda isihesabike, maana nimetia vema mbili kwenye maswali manane, na kwenye swali la mwisho, pale penye mstari mfupi ulioandikwa "Sababu nyingine, taja," nimejaza mpaka nyuma ya karatasi. Akaikunja hata hivyo, akaiweka kwenye begi tofauti na zile nyingine.

Alipofika kituo cha daladala simu yangu ililia. Shilingi 5,000, ya usumbufu, na ya kutolea. Jioni ileile nilikwenda kwa binti wa mzee Masanja kuitoa.